Nyuzi Thelathini

Mjomba Ndelilio alitaka kitu kimoja tu:
aandike kwenye simu urefu wa mbao ya kenchi,
aandike mwinuko, nyuzi thelathini,
simu imwambie paa litapanda mita ngapi.
Amechoka, alisema, kukisia kwa jicho
na kurudisha mbao Kiboriloni.

Nikakaa barazani, Pasua,
kompyuta magotini, chaji asilimia kumi na tisa,
nikaiita sini kama nilivyofundishwa:
jina, mabano, namba, mabano.
Mita nne mara sini ya thelathini.
Jibu nilikuwa nalo kabla ya kubonyeza.
Sini ya thelathini ni nusu, hata usingizini.
Mbili, basi. Paa lipande mita mbili.

Mashine ikasema: hasi tatu nukta tisa tano.

Nikaiona ile nyumba:
kuta zimesimama, milango imepakwa rangi,
na paa limezama chini ya sakafu,
bati zinachimba kisima.
Nikabadili mabano. Nikafuta nafasi.
Nikazima, nikawasha, kama redio ya babu.
Hasi tatu nukta tisa tano.
Haikuwa na hasira wala haraka.

Mama alikuwa kwenye cherehani,
sketi ya duara ya Aikande, ya kipaimara,
nyeupe, imemwagika hadi sakafuni.
"Inakudai nini hiyo?" Mguu hautoki kwenye pedali.
Nimeipa nyuzi thelathini, nikasema, imenipa kisima.
"Nyuzi zipi? Mimi ninazo hapa za kila rangi,
sijawahi kuambiwa zinapimia paa."

Kisha akasimamisha gurudumu kwa kiganja.
Duara, alisema, yeye halihesabu
kwa zile zetu mia tatu na sitini.
"Nani alizihesabu? Alikaa wapi?"
Akatandaza kitambaa kingine mezani, duara zima,
akabana uzi katikati kwa pini,
akauvuta hadi ukingoni, akaukata hapo.
Uzi uleule akaulaza juu ya ukingo,
ukapinda pamoja na kitambaa.
Moja. Akahamisha kidole. Mbili.
Tatu, nne, tano,
sita,
na pakabaki pengo, pungufu ya shibiri.
"Sita na robo na kidogo. Kila sketi.
Ya mtoto, ya bibi harusi.
Hicho kidogo hakijawahi kuniacha."

Nikageukia skrini.
Kumbe ilikuwa inapima kama mama.
Niliposema thelathini iliuchukua uzi,
ikaulaza ukingoni mara thelathini,
ikalimaliza duara mara nne, ikaendelea,
ikasimama kule chini, karibu na chini kabisa,
ikanijibu kweli tupu kutoka huko.
Mimi ndiye sikusema nyuzi za nani.

Zidisha kwa pai, nikaandika,
gawanya kwa mia na themanini.
Bonyeza.

Moja nukta tisa, tisa, tisa, tisa,
tisa hadi mwisho wa mstari,
na nane moja mwishoni, kama mtu aliyechelewa ibada.

Nikampigia mjomba. Huko alikokuwa nyundo zilikuwa zinalia.
"Mbili kasoro nini?"
Kasoro kitu ambacho msumeno wako haukioni.
"Msumeno wangu unakula zaidi ya hapo kila mkato.
Niandikie mbili."

Sikuandika bado. Nilikuwa nazitazama zile tisa,
zimepanga foleni kuelekea mbili
na hakuna hata moja inayofika,
na chaji imebaki asilimia nne,
na huko nje wingu limeshuka juu ya Kibo
likaacha bega moja tu la mlima, mteremko mtupu
ambao ningeweza kuupima leo, ningekuwa na pa kusimama.

"Ukimaliza," mama akasema,
cherehani imeshaanza tena,
"nirudishie uzi wangu."